Debe la Saba

Msimu wa mavuno ukiwadia Kwedizinga, katika wilaya ya Handeni, na mahindi ya masika yakaisha kupukuchuliwa na kuanikwa hata yakilia kama changarawe yanapomiminwa, huja siku ambayo gari la mnunuzi husimama penye uwazi wa kijiji, vijana wakateremsha magunia matupu, na mkulima akaanza kuyajaza kwa debe. Kwa hesabu ambayo mtoto wa shamba huijua kabla hajajua kusoma, gunia moja ni debe sita. Lakini gunia la siku hiyo halifungwi kwa debe la sita. Hutikiswa na kushindiliwa kwa goti, likaongezwa juu yake, kisha mdomo wake ukashikwa kwa kamba iliyopitishwa huku na huku mfano wa wavu, hata likasimama na kilemba kichwani, na ndani ya kilemba hicho mna debe la saba. Gunia la namna hii huitwa lumbesa, na bei yake ni ile ile ya debe sita. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kupita kilo 100, na habari hiyo haikufichika kwa mnunuzi wala kwa muuzaji, lakini sindano za kushonea lumbesa hazijapata kushika kutu.

Tupige hesabu. Mwenye kuuza magunia kumi ya lumbesa ametoa madebe kumi pasipo malipo, nayo ni gunia zima na theluthi mbili za gunia la pili, nafaka ambayo ingaliilisha nyumba ndogo kwa miezi. Akiisha kupokea fedha yake hugeuka akaingia dukani, maana chumvi, sabuni, kanga, jembe na mbegu ya mwaka ujao haviokotwi njiani, na humo dukani huukuta ulimwengu umepinduka: kipimo kilichokuwa kikubwa alipouza kimekuwa kidogo anaponunua, na bei ya kila kitu imebeba nauli ya mbali, faida ya mwenye duka la jumla, na faida ya mwenye duka la rejareja. Basi mkulima ana milango miwili, mmoja wa kutolea mazao na mmoja wa kuingizia mahitaji, na katika yote miwili amesimama mtu mwingine aliyeshika kipimo. Ushirika wa wakulima, wa kununua na wa kuuza, ulizaliwa ili mkulima ashike kipimo hicho kwa mkono wake mwenyewe. Na historia yake yote, ya huku kwetu na ya ng'ambo, yaweza kusimuliwa kwa kufuata nyayo za lile debe la saba na kuuliza, kila zama, limeingia nyumbani kwa nani.

Nafaka isiyo na ghala

Neno ushirika tumelipata katika Kiarabu, lakini jambo lenyewe halikushuka na jahazi. Wazigua, Wasambaa na Wabondei wamelima kwa kusaidiana, wamejenga kwa kusaidiana na wamezikana tangu zama zisizo na tarehe, na msaragambo, yaani kazi ya wengi kwa maslahi ya wote, ni neno linalofahamika katika milima na nyika za Tanga. Hata hivyo msaragambo ulikuwa ushirika wa jasho, haukuwa ushirika wa tijara. Uliweza kulilima shamba la mgonjwa kwa siku moja. Haukuweza kubishana bei na tajiri wa pwani.

Na tajiri wa pwani alikuwa jirani wa siku nyingi. Nafaka ya Uzigua iliteremka hadi Pangani na Saadani, na nguo na chumvi zikapanda bara kwa njia hizo hizo. Mvua ilipokuwa njema biashara hiyo ilikuwa neema. Mvua ilipokatika iligeuka nakama, kwa kuwa aliyeuza akiba yake hakuwa na pa kuinunua tena. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walifika pwani wakajiweka rehani kwa chakula, na miongoni mwao wakawamo waliopakiwa majahazini hata pwani ya Banadir, katika nchi ya Somalia ya leo. Wajukuu wao waliishi kando ya Mto Juba wakiihifadhi lugha yao ya Kizigua kwa vizazi na vizazi, na vita vilipozuka huko mwaka 1991 baadhi yao walirejea katika nchi ya mababu, wakapewa makazi Chogo, humu humu Handeni. Yamkini hakuna mahali pengine katika Afrika ya Mashariki ambapo watu wanaweza kuoneshana kwa kidole kilichowafika wakulima ambao nafaka yao ilikuwa na njia ya kutokea na haikuwa na ghala la kungojea.

Chini ya utawala wa Wajerumani mambo yalibadilika sura. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliuleta mkonge, na reli iliyoanza Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na kando ya reli hiyo yakatanda mashamba makubwa yaliyokusanya manamba kutoka pande zote za nchi. Manamba halimi mahindi. Anakata mkonge, na posho yake ni unga. Kwa sababu hiyo mkulima wa Handeni, ambaye zamani soko lake lilikuwa pwani, alipata soko jipya karibu naye. Lakini soko kuwa karibu si kuwa mkononi. Mwenye duka aliyenunua mahindi yake ndiye aliyemwuzia nguo na chumvi, akiwa ameikalia milango yote miwili kwa kiti kimoja. Na walipotawala Waingereza, sheria ilitungwa ya kumzuia mfanyabiashara kumshtaki Mwafrika kwa deni la mkopo wa dukani ila kwa idhini maalumu, jambo lililosemwa kuwa ni hifadhi, na ambalo kwa upande wa pili lilimfungia mkulima mlango wa rasilmali.

Duka la watu ishirini na wanane

Wakati huo, katika nchi nyingine, swali la vipimo lilikwisha kupata jawabu moja. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, waliochoshwa na unga uliochanganywa vumbi na sukari iliyopunjwa, walichanga pauni moja moja kwa taabu kubwa, wakakodi chumba katika njia iitwayo Toad Lane, na tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua duka lenye bidhaa chache mno: siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa. Si wao walioanza ushirika duniani, lakini kanuni zao ndizo zilizodumu. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au mia. Bidhaa ni safi na kipimo ni kamili. Malipo ni taslimu. Na faida hugawanywa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mtu.

Kanuni hii ya mwisho inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake mna siri yote. Duka la Rochdale halikuuza kwa bei ya chini kuliko maduka ya jirani. Liliuza kwa bei ya soko. Mwisho wa kipindi hesabu ilifungwa, gharama zikatolewa, na kilichobaki kikarudishwa. Tuseme faida ya kugawa ni shilingi 5 kwa kila shilingi 100 za manunuzi: aliyenunua kwa shilingi 200,000 atarudishiwa 10,000, na ambaye hakununua hapati kitu katika mgawo huo hata akiwa tajiri wa hisa. Kwa njia hiyo ile ziada ambayo aghalabu hubaki katika mkono wa mwenye duka ilirudi katika mkono wa mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi ndiye mwenye duka.

Wakulima wa Denmark waliichukua kanuni hiyo wakaitia katika milango yote miwili. Mwaka 1866 kasisi Hans Christian Sonne alianzisha duka la ushirika mjini Thisted, na mwaka 1882 wafugaji wa Hjedding wakajenga kiwanda chao cha maziwa, kila mmoja akilipwa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta na kila mmoja akipiga kura moja, mwenye ng'ombe wawili sawa na mwenye ng'ombe ishirini. Katika Ujerumani Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliwafundisha wakulima kukopeshana wenyewe kwa wenyewe kwa dhamana ya jina jema. Duka, kiwanda na mfuko wa mkopo, hayo ndiyo mafiga matatu ya ushirika wa shamba. Na nchi iliyoliinua moja ikayaacha mawili ilikuta chungu kimelala ubavu.

Wapimaji wa Usukuma

Huku kwetu figa la kwanza kuinuliwa lilikuwa la kuuza. Kilimanjaro, wakulima Wachagga waliolima kahawa bila ya ridhaa ya masetla waliunda mwaka 1925 chama chao cha wakulima wenyeji, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1932 ikatoka sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu kilichojulikana kote kwa herufi zake, KNCU. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na ushirika tangu mwaka 1908 huko Lumbwa, na katika miaka ya 1920 wakawa na chama kikubwa kilichokusanya mahindi na kuuza pembejeo. Lakini ulikuwa ushirika wa masetla, na Mwafrika hakufunguliwa mlango ila katika miaka ya 1940.

KNCU ilifanikiwa, na katika kufanikiwa kwake ilitoa funzo lililosahauliwa mara nyingi baadaye. Utawala ulipowalazimisha wakulima wote kuuza kahawa yao kwa njia ya chama tu, na bei ya dunia ikaanguka, watu walikiona chama kuwa ni tawi la boma na si mali yao, na mwaka 1937 ghasia zikazuka, maghala kadhaa yakavunjwa. Walioyavunja walikuwa wanachama. Mtu havunji ghala analoamini kuwa ni lake.

Huko Usukuma jambo lilianza kinyume chake, kutoka chini, na lilianza penye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba, waliokuwa na hakika kuwa kwenye vituo vya kununulia hupunjwa ratili chache katika kila mzigo, waliwaweka watu wao wenyewe kuupima mzigo kabla haujamfikia mnunuzi, ili mkulima aende akijua uzito wake. Hawakuwa na jengo wala gari; walikuwa na mizani, daftari, na mtu anayeaminika. Juu ya msingi huo mdogo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya msingi kimoja baada ya kingine, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililofikia hata kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba na kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika nzima. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 vyama vilivyoandikishwa vilizidi 850.

Chama kama hicho hulifanya nini debe la saba? Hulitunza. Mkulima aletapo mzigo hulipwa malipo ya kwanza, yaliyokadiriwa chini kidogo ya bei inayotumainiwa, kwa kuwa chama hakijui bado kitauza kwa kiasi gani. Mazao yakisha kuuzwa, hutolewa gharama za magunia, usafiri, ghala na mishahara ya makarani, na salio hurudi kwa mkulima kwa kadiri ya kilo zake, nalo huitwa malipo ya pili. Katika mikoa ya kahawa na pamba shule zimejengwa, watoto wamesomeshwa na mapaa ya makuti yamekuwa mabati kwa malipo hayo ya pili.

Kwa nini mahindi ni mkaidi

Msomaji wa Handeni anayo haki ya kuuliza: mbona sisi hatukuwa na KNCU yetu? Jawabu moja, na si la fedheha, limo ndani ya zao lenyewe. Kahawa hailiwi nyumbani, na pamba haivaliki mpaka ichambuliwe. Mazao hayo, apende asipende mwenyewe, hayana budi kupita mlango mmoja wa kiwanda au wa bandari, na anayeushika mlango huo ameyashika mazao. Mahindi hayana mlango mmoja. Huliwa, hukopeshwa, hulipiwa mahari na vibarua, huuzwa debe moja siku ya gulio kwa ajili ya dawa ya mtoto, na mnunuzi mwenye gari na fedha mkononi huyafuata mpaka uani. Kuyakusanya mahindi katika ghala moja ni kukusanya maji kwa ungo, isipokuwa watu wenyewe wawe na sababu ya kungoja.

Baada ya uhuru Serikali ilitaka kuupeleka ushirika kila pembe, hata kwenye mazao haya ya chakula, na kwa sheria ya mwaka 1962 ikaundwa Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo iliyopewa haki ya kununua nafaka. Mpango ulikuwa ngazi: mkulima aliuza kwa chama cha msingi, chama kikauza kwa chama kikuu, na chama kikuu kikauza kwa bodi, na katika kila kipandio cha ngazi palikuwa na makato, haya ya magunia, yale ya ushuru, haya ya mishahara. Nia ilikuwa njema, lakini kwa mtu aliyesimama chini na gunia lake, debe la saba lilikuwa limerudi katika vazi jipya. Zamani lilionekana kwa macho, limekaa juu ya gunia kama kilemba. Sasa lilikuwa limeandikwa katika karatasi, na karatasi yenyewe iliandikwa na karani. Vyama vilipita 1,500 katika muda wa miaka michache, vingi vikiwa vimeundwa kwa haraka, na Tume iliyoteuliwa na Rais mwaka 1966 kuchunguza mambo hayo ilikuta taksiri zilizokuwa zikinong'onwa magulioni: wanachama wasiojua haki zao, makarani wasio na ujuzi wala uaminifu, na siasa iliyoingiza mkono katika uteuzi wa watumishi.

Mlango uliosahauliwa

Hata katika siku zake njema, ushirika wetu ulikuwa mtu wa mkono mmoja. Mkono wa kuuza ulipata misuli; mkono wa kununua ulidhoofika. Si kwamba haukujaribiwa. Mwaka 1962, kwa msaada wa wataalamu wa Israeli, liliundwa shirika la kuvipatia bidhaa vyama vya ushirika vya maduka, lililojulikana kwa jina la COSATA, kwa muradi wa kuwapa wananchi bidhaa za jumla na za rejareja bila ya kupita kwa mfanyabiashara binafsi. Maduka yalifunguliwa kwa wingi kuliko yalivyoweza kuhesabiwa vyema, bidhaa zikavuja kwa mlango wa nyuma, na hata kabla ya kumalizika kwa muongo huo shirika lilikuwa limeanguka. Wale wa Rochdale walianza na mishumaa na unga, wakakua kwa kadiri ya werevu wao. Sisi tulianza na jengo, tukatumaini kuwa werevu utafuata.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya jumla ilitwaliwa na Shirika la Biashara la Taifa, na baadaye ikawa mikononi mwa kampuni za biashara za mikoa. Mwaka 1973 kuishi katika vijiji kukawa ni amri. Sheria ya mwaka 1975 ikavifanya vijiji vyenyewe kuwa vyama vya ushirika vya shughuli zote, na mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa nchi nzima, kazi yao ikagawiwa mamlaka za mazao. Nafaka ikawa ya Shirika la Usagishaji la Taifa. Mwaka huo huo ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia kuyafunga maduka ya watu binafsi na kuweka maduka ya vijiji mahali pake.

Wenye umri wanakumbuka sura ya duka la kijiji mwanzoni mwa miaka ya 1980: rafu ndefu zilizopakwa rangi, daftari la kaya juu ya meza, majina yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, na mbele ya majina hayo kilo moja ya sukari iliyoandikwa na bado haijafika. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina, mafuta yalikuwa ghali, na bidhaa ikawa adimu. Mahali penye uhaba mwenye ufunguo huwa sultani. Mwuza duka wa kijiji, aliyewekwa ili awe mtumishi wa wanunuzi, alijikuta anabembelezwa kama liwali. Na mkulima aliyeuza mahindi yake kwa bei moja iliyopangwa kwa nchi nzima, tena akingoja malipo, hakupata cha kununua kwa fedha hiyo ilipofika. Milango yote miwili ilikuwa imeandikwa jina lake, na funguo zote mbili hakuwa nazo. Hali hii ndiyo iliyoifanya Serikali kutunga sheria mpya ya ushirika mwaka 1982, na vyama vikuu vikafufuliwa kuanzia mwaka 1984.

Aliyefufuliwa hakurudi na nguvu zake. Mali zilikuwa zimetawanyika na wazee wenye ujuzi wamestaafu, madeni yalirundikana, na biashara huria ya miaka ya 1990 ilipofungua njia kwa wanunuzi wa kila namna, vyama vilivyozoea kununua bila mshindani vilishindwa mbio mwaka wa kwanza. Gari lilirudi penye uwazi wa kijiji, na lumbesa ikarudi pamoja nalo.

Korona za Korogwe

Lakini habari haiishii hapo, na mwenye kutaka kuiona sura ya sasa avuke mpaka wa wilaya aingie Korogwe, katika yale mashamba ya mkonge yaliyokuwa zamani ya mabwana wa Kijerumani na Kigiriki. Kadiri mashamba hayo yalivyopungua nguvu, wakulima wadogo walipata vipande vya ardhi humo, na leo wa Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi wana vyama vyao vya ushirika vya mazao na masoko, ambavyo kila mtu huviita AMCOS. Mkonge ni zao lenye tabia ya kahawa, bali ni kali zaidi: jani likisha kukatwa halingoji, sharti lifike upesi kwenye korona, ile mashine kubwa inayolichana jani na kuitoa singa nyeupe, na katika kilo 100 za majani singa haizidi kilo 5. Kwa hiyo mkulima wa mkonge hawezi kutoroka na mzigo wake usiku kwenda kumwuzia mwingine. Huufuata mlango wa korona, akikaa penye foleni ya matrekta huku jani lake likikauka. Mwenye korona ndiye mwenye kipimo. Haishangazi, basi, kuwa shauri kubwa la wakulima hawa lilihusu makato ya kuchana, hesabu za singa, na nani amiliki mashine, hata Serikali ikaingia kati na Bodi ya Mkonge ikatwikwa dhima ya kusimamia. Somo la Usukuma limejirudia pale pale: mizani kwanza, kisha mashine.

Kwa mazao mengine njia iliyoshika nguvu ni stakabadhi ghalani, iliyowekewa sheria mwaka 2005 na kujaribiwa sana katika korosho za kusini. Mkulima huupeleka mzigo wake katika ghala lenye leseni kwa mkono wa AMCOS yake. Mzigo hupimwa uzito na ubora. Mkulima hupewa karatasi inayosema kilo kadhaa, za daraja fulani, za fulani. Na wanunuzi hushindana mnadani kwa bei zilizo wazi. Karatasi ile ni mazao yaliyogeuka maandishi, na benki yaweza kuipokea kuwa rehani, ili mwenye shida ya leo asiuze kwa bei ya shida. Mfumo huu nao una wanaoulaumu, kwa malipo kuchelewa na makato kuwa mengi. Sheria ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika ili kuvikagua vyama hivi, kwa kuwa daftari lisilokaguliwa ni kishawishi hata kwa mtu mwema.

Tena kwa muda mfupi uliopita mlango wa kununulia umeanza kusikika ukibishwa hodi. Tangu msimu wa 2022, mbolea ya ruzuku hupatikana kwa wakulima walioandikishwa, na katika sehemu nyingi AMCOS huwa ni kituo cha kuiuzia, pamoja na mbegu na dawa. Hili ni jambo dogo lenye maana kubwa. Watu thelathini wakiagiza mbegu pamoja kabla ya masika, sema mbegu ya Staha ambayo wengi wa nyanda za chini waijua, nauli ni moja, bei ni ya jumla, na mfuko umetoka kwa muuzaji mwenye jina, si kwa mpita njia aliyepaka mahindi ya kula rangi nyekundu na kuyaita mbegu. Wanaoagiza mbegu pamoja mwezi wa pili huwa wamekwisha kufahamiana katika fedha ifikapo mwezi wa nane, na mtu uliyemwamini kwa mfuko wa mbegu ni rahisi kumwamini kwa ufunguo wa ghala. Pengine safari yetu tuliianza kwa mguu usio wake: tulianza na zao kubwa na bodi kubwa, tukauacha mwisho ule mlango mdogo ambao wafumaji wa Rochdale waliuanza wa kwanza.

Na ghala lenyewe, kwa nchi ya Handeni ambako mvua haina ahadi, faida yake si bei peke yake. Mahindi yaliyouzwa mwezi wa saba kwa haraka hurudi Januari katika gari lile lile, kwa bei nyingine, akiyanunua mtu yule yule aliyeyalima.

Kwa hiyo tumrudie mkulima wetu wa Kwedizinga, na tumpe kwa fikra kile ambacho wapimaji wa Usukuma walikuwa nacho na si zaidi: mizani yenye lakiri ya Wakala wa Vipimo, daftari linalosomwa kwa sauti mbele ya wote, ghala lenye kufuli mbili ambazo funguo zake zinakaa katika nyumba mbili, na majirani thelathini waliokubaliana kwamba hakuna atakayeshona kilemba. Gari linafika, linakuta magunia yamepangwa, midomo yake imeshonwa bapa, kila moja kilo 100. Mnunuzi ananung'unika, anazunguka, anapiga simu, na mwisho analipa, maana magunia mia tatu ya mahali pamoja yanamwokolea siku mbili za kuhangaika uani kwa watu. Magunia kumi ya mkulima wetu yanapakiwa pamoja na ya wenzake. Anafunga stakabadhi katika pindo la kanga, anarudi nyumbani; na juu ya jamvi, penye pembe ambayo miaka yote mwezi kama huu huwa tupu, yapo madebe kumi.